Tuta la Mfipa na Soko la Hewa

Twaishi katika nyakati ambazo hata hewa imetiwa bei. Mwenye kiwanda huko Ulaya au Marekani, ambaye moshi wake wapanda angani usiku na mchana, aweza leo kununua hati isemayo kwamba mahali fulani duniani, labda katika Afrika, tani moja ya hewa ukaa imezuiwa isipande, au imeteremshwa kutoka angani na kufungwa ndani ya mti au ndani ya udongo. Hati hiyo huitwa hati ya kaboni. Mnunuzi huiandika katika vitabu vyake kana kwamba amepunguza moshi wake mwenyewe kwa tani ile moja. Fedha aliyoitoa hupita katika mikono mingi, na sehemu yake hufika mwishoni kwa mwenye shamba au kwa kijiji chenye msitu.

Jambo hili haliko mbali nasi. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vilivyo kando ya milima ya Ntakata vimelinda msitu wao na kupokea mabilioni ya shilingi kwa kazi hiyo. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, nasi twawapongeza kwa moyo mweupe, maana hadi mwaka 2012 watu hao walikuwa pamoja nasi katika mkoa mmoja wa Rukwa. Lakini habari ya Ntakata ni habari ya msitu uliosimama. Sisi wa uwanda wa Ufipa tuna majani mengi kuliko miti. Wako wasemao kwamba miti yetu iliishia katika yale matanuru marefu ya kuyeyushia chuma ambayo mabaki yake yangali yanaonekana huku na huko. Iwe hivyo ama sivyo, miti ni michache. Basi soko la hewa likija kubisha hodi Ufipa, halitatuuliza habari za msitu. Litatuuliza namna yetu ya kulima. Je, mtaacha kuchoma mabua? Mtapanda miti katikati ya mahindi? Mtafunika udongo kwa majani? Mtaliacha plau?

Hapo ndipo penye swali letu la leo, na ni swali la haki kabla halijawa swali la kilimo. Je, yafaa bei iliyopangwa ng'ambo ya bahari iamue mtu wa Sumbawanga alime vipi shamba lake? Na ikiwa fedha hutolewa kwa ajili ya udongo mwema, ni nani anayeistahili?

Kabla ya kujibu yatupasa kutazama kilichoko mikononi mwetu. Watu wengi wa mjini, hata waliozaliwa huku, hawajui tena ntumba ni nini, kwa hiyo tutaieleza kwa urefu kidogo. Mvua zinapokaribia kwisha, udongo ungali na unyevu na majani yamekwisha kukua, mkulima hukwatua majani pamoja na udongo wake, huyapindua mizizi ikatazama juu, huyakusanya na kuyafunika hata yakawa tuta la mviringo lenye upana wa yapata hatua moja. Majani hayachomwi. Hubaki ndani ya tuta, yakaoza polepole, na mara nyingi juu yake hupandwa maharage. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, matuta huvunjwa na kutandazwa, na ulezi humwagwa juu ya udongo uliokwisha kushiba. Baada ya ulezi huja mazao mengine kwa zamu, kisha shamba huachwa lipumzike mpaka majani yaote tena. Ng'ambo ya mpaka, Wamambwe na jirani zao wa Zambia hulima vivyo hivyo, na kuna mahali huko jina lake ni fundikila. Wabemba, ambao walikuwa na miti, walishika njia nyingine iitwayo chitemene: hukata matawi, huyarundika, huyatia moto, nao hupanda ulezi katika majivu. Mfipa hakuwa na matawi ya kuchoma, alifukia majani.

Mtu aliyesoma elimu ya udongo atatuambia maana ya tendo hilo. Jani linapokua hunyonya hewa ukaa. Likichomwa, hewa ile hurudi angani siku ile ile. Likifukiwa, nyingi hurudi kidogo kidogo, lakini sehemu yake hubaki udongoni na kuufanya uwe mweusi, laini, wenye kushika maji. Kwa lugha ya wafanya biashara wa leo, Mfipa alikuwa akifunga kaboni zamani sana, kabla hapajakuwa na mtu wa kuinunua. Hakuifanya kazi hiyo kwa ajili ya anga. Aliifanya kwa sababu bila ya hivyo ulezi haukutoka.

Tusiisifu mno, hata hivyo. Ntumba ni kazi nzito ya jembe la mkono. Zamani ilifanywa kwa msaragambo, watu wakialikana shamba kwa shamba na kunyweshana pombe ya ulezi jioni. Mtu mmoja peke yake hafiki mbali. Plau la ng'ombe na mbolea ya dukani vimeipunguza sana. Wako wanaoishika hata leo, na hao ndio tunaotaka kuwafikiria.

Sheria ya kwanza ya soko la kaboni ni sheria ya nyongeza. Kwa ufupi ni hii: hulipwi kwa jema ambalo ungelitenda hata bila ya fedha. Kinacholipwa ni badiliko. Basi tuseme wako wakulima wawili waliopakana. Wa kwanza amefukia majani maisha yake yote, kama alivyofundishwa na wazazi wake. Wa pili amechoma kila mwaka wakati wa kiangazi, amelima kwa kufuata mteremko, na udongo wake mwingi umekwisha kuteremka na maji kwenda bonde la Rukwa. Mradi waja kijijini. Wa pili aandikishwa mara moja, maana akiacha kuchoma na kuanza kufukia, tofauti yake yaonekana na yapimika. Wa kwanza aambiwa kwa adabu kwamba shamba lake halina la kuongeza. Tena, akiwa mtu mwenye akili za biashara, atatambua kwamba akiacha ntumba kwa miaka michache, akachoma kama jirani yake, naye atapata kitu cha kuuza baadaye. Wenye miradi wanaijua hila hiyo, nao huweka masharti ya kuchunguza habari za shamba kwa miaka ya nyuma. Masharti hayo yatamzuia asidanganye, lakini hayatampa sababu yoyote ya kuendelea kuinama na jembe lake.

Msomaji atasema: mbona jambo hili ni la haki tupu? Mwenye duka hanilipi kwa kuwa sikuiba dukani mwake. Mnunuzi wa hati anataka tani mpya, ambayo isingalikuwako bila ya fedha yake. Akilipia tani iliyokuwako tangu babu, amenunua bure na anga halikupata nafuu. Hoja hii ina nguvu, wala hatutaki kuipuuza. Kwa upande wa daftari la mnunuzi ni kweli kabisa. Lakini kijiji si daftari. Kijiji ni watu wanaotazamana, na watoto wanaojifunza kwa kutazama. Katika mfano wa Injili wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, walionung'unika ni wale wa asubuhi, walipoona wa jioni wamepewa dinari ile ile. Hapa mtu wa asubuhi haoni hata dinari. Kijana atakayeona jambo hilo atajifunza kwamba njia ya wazee haikuwa na thamani mpaka mgeni aliyekuja na karatasi alipoitia thamani, na alipoitia, akawalipa wale walioiacha.

Ndiyo maana twaona kwamba vijiji vya Ntakata vilipata njia iliyo bora kuliko ile ya kumlipa kila mtu shambani mwake. Huko fedha huja kwa kijiji, nao wanakijiji huketi na kuamua itumikeje. Aliyelinda tangu zamani na aliyetubu jana wote watoto wao huketi katika darasa moja. Ikiwa soko hili litafika katika mashamba ya Ufipa, twadhani lifuate njia hiyo, ijapokuwa shamba ni la mtu na msitu ni wa wote, na kwa sababu hiyo mapatano yatakuwa magumu zaidi.

Tuone sasa palipokwisha kujaribiwa biashara hii katika mashamba ya chakula. Magharibi ya Kenya, pande za Kisumu na Kitale, shirika la Vi Agroforestry la Sweden lilianza mradi wa kaboni ya udongo pamoja na Benki ya Dunia. Mapatano yalitiwa sahihi mwaka 2010. Wakulima walifundishwa kufunika udongo kwa mabaki ya mazao, kutengeneza mboji, kupanda miti pamoja na mahindi, kuacha kuchoma. Mwezi wa Januari 2014 mradi huo ulipata hati 24,788, kila moja ya tani moja ya hewa ukaa, na hizo zilikuwa za kwanza za namna yake, yaani zilizotoka katika udongo wa mashamba madogo. Hakuna aliyechimba na kupima udongo wa kila shamba. Gharama ingalimeza mradi mzima. Wakulima waliulizwa wanalima namna gani, majibu yao yakaingizwa katika hesabu ya kitaalamu, nayo hesabu ikatoa tani.

Lakini tazama fedha yenyewe. Ilipotangazwa mwaka 2010, ilisemwa kwamba faida ya moja kwa moja kwa watu wa huko itazidi kidogo dola 350,000, na kwamba wakulima watakaoingia ni 60,000. Mwanafunzi wa darasa la tano aweza kugawanya. Ni karibu dola 6 kwa mkulima mmoja, wala si kwa mwezi au kwa mwaka, bali kwa muda wote wa mapatano. Haikosi kununua chumvi na kiberiti. Wenye mradi wenyewe walisema wazi kwamba faida kubwa ya mkulima haikutoka katika hati bali katika gunia: udongo uliofunikwa ulizaa mahindi zaidi na kuvumilia ukame zaidi. Twawasifu kwa kusema hivyo. Maana yake ni kwamba fedha ya kaboni iliwalipa waalimu wa kilimo na wahesabu wa tani kuliko ilivyomlipa mwenye jembe, na kwamba kilichombadilisha mkulima ni kuyaona mahindi ya jirani. Mtu aliyebadilika kwa sababu hiyo hatarudi nyuma bei ya hati ikianguka.

Na bei ya hati huanguka. Mwezi wa Januari 2023 magazeti ya Uingereza na Ujerumani yaliandika kwamba sehemu kubwa ya hati za misitu ya mvua zilizopitishwa na shirika la Verra, lililo kubwa kuliko yote katika kazi hiyo, hazikuwakilisha upungufu wa kweli wa moshi. Shirika lilikana. Hata hivyo wanunuzi wengi waliogopa, na biashara ikapungua. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kampuni ya South Pole ya Uswisi ilijitoa katika mradi mkubwa wa Kariba, nchini Zimbabwe. Mkulima wa kijijini hakuandika neno lolote katika magazeti hayo, wala hakuulizwa.

Uganda yatufundisha jambo jingine, nalo ni zito zaidi. Huko Bushenyi, tangu mwaka 2003, shirika la ECOTRUST limewaandikisha wakulima wadogo wapande miti kwa ajili ya soko la kaboni. Fedha hutolewa kwa mafungu, la kwanza mkulima anapopanda, la mwisho katika mwaka wa kumi. Lakini mti hautakiwi kukatwa mwaka wa kumi. Watakiwa kusimama miaka mingi baada ya hapo. Watafiti wa Sweden waliofika huko katika miaka ya 2010 waliandika kwamba wakulima wengi hawakuelewa vizuri wanauza kitu gani hasa, na wengine walilalamika kwamba miti imekula ardhi ya chakula. Mwenye eka nyingi hupanda pembeni na hapungukiwi. Mwenye eka moja na nusu akipanda nusu yake miti, amepanda njaa ya miaka ijayo, na fungu la mwisho likiisha kulipwa amebaki na kivuli juu ya ndizi zake na ahadi aliyoitia sahihi. Yeye aliyekata mti wake ili apate chakula, je, tumwite mvunja ahadi?

Sisi twajibu: la. Na sababu yetu si huruma tu.

Papa Leo XIII, katika waraka wake wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha juu ya ujira kwamba mapatano ya hiari kati ya tajiri na mfanya kazi hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Iko haki iliyo ya kale kuliko mapatano yoyote, kwamba mtu mwenye kufanya kazi apate riziki yake. Na akikubali kidogo kupita kiasi kwa sababu ya shida, hiari yake ilikuwa hiari ya jina tu. Waraka huo uliandikwa kwa ajili ya watu wa viwanda, lakini kanuni yake yaenea hata shambani. Mkulima anapotia kidole cha wino mbele ya karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, katika miezi ya njaa, ghala likiwa tupu, hatuwezi kusema tu kwamba amekubali na habari imekwisha. Yatupasa kuuliza amekubali nini.

Kwa maoni yetu mkulima aweza kuuza kazi yake: jembe lake, majani aliyoyafukia, miti aliyoimwagilia maji. Hiyo ni mali yake. Lakini liko jambo moja ambalo hana ruhusa ya kuliuza hata akipenda, nalo ni uamuzi wa shamba katika mwaka wa shida. Shamba la chakula si la mtu mmoja. Ni la mkewe, watoto wake, mama yake mzee, na wale watakaozaliwa. Akiuahidi mkono wake kwa mgeni kwa miaka 25, ameahidi mkono wa mwanawe ambaye bado ananyonya. Mvua zikikosekana, au viwavijeshi wakila mahindi yote kama tulivyowaona wakifanya, lazima mwenye shamba awe huru kusema: mwaka huu napalilia viazi mahali penye miche ya miti, mwaka huu ng'ombe wangu watakula mabua ambayo niliahidi kuyaacha juu ya udongo. Mapatano yasiyompa uhuru huo ni batili mbele ya haki, hata kama ni halali mbele ya wakili.

Mtu asidhani kwamba twaogopa kivuli. Ufipa imekwisha kuonja bei ya mbali mara moja. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na mbolea na mbegu zikaletwa kwa bei nafuu. Nia ilikuwa njema, maana Taifa lilikuwa limepata njaa na fedha nyingi zilikwisha kutumika kununua chakula ng'ambo. Sumbawanga ni zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Dar es Salaam. Lakini kwa kuwa gharama ya njia haikuhesabiwa katika bei, mkulima wa Rukwa alipata sawasawa na yule aliye karibu na soko. Basi watu walilima mahindi. Walilima hata Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne ilishayo nchi. Ulezi ulirudi nyuma, na ntumba ikarudi nyuma pamoja nao, kwa sababu mbolea ya mfuko ilionekana kufanya kwa siku moja kazi ambayo tuta huifanya kwa miezi mingi. Kisha katika miaka ya 1980 bei moja ikaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hata ikaondolewa. Gharama ya njia ikamrudia mkulima wa Ufipa yote kwa mara moja. Alikuwa amebaki na udongo uliozoea kulishwa kwa mfuko, na mfuko haukununulika tena. Hatumlaumu aliyelima mahindi. Twasema tu kwamba aliyepanga bei aliweza kubadili nia kwa barua moja, lakini shamba haliwezi kugeuzwa kwa barua.

Tofauti iko, nasi twaikiri. Bei ile ya mahindi ilimshawishi mtu aache tuta. Bei hii ya kaboni huenda ikamshawishi alirudie. Ni nani atakayechukizwa na hilo? Lakini mtu arudiaye tuta kwa sababu ya dola atalihesabu kwa dola. Akisikia bei imeshuka, jembe litakuwa zito tena.

Liko pia swali la nani atie sahihi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mtu aweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria hiyo haimbagui mwanamke. Lakini mazoea hayaifuati sheria daima, na mara nyingi jina lililo katika hati ni la mume, ambapo jembe liko mikononi mwa mke. Mradi ukiandikisha majina ya wenye hati peke yao, utamlipa mmoja kwa kuinama kwa mwingine. Hatuna haja ya kusema mengi juu ya hilo. Kila mwenye nyumba anajua tunalolisema.

Na mnunuzi je? Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya kwamba biashara ya hati hizi yaweza kuzaa ulanguzi wa namna mpya, ikampa mwenye moshi mwingi njia rahisi ya kuendelea na mazoea yake bila kubadilika. Anayelipa ili mwingine abadilike, ilhali yeye mwenyewe habadiliki, amenunua raha ya dhamiri. Hatusemi fedha yake ikataliwe kwa sababu hiyo. Shilingi yake yaweza kujenga zahanati kama shilingi nyingine. Lakini asije akamwambia Mfipa, ambaye moshi wake wote ni wa jiko la kuni, kwamba yeye ndiye mwenye wajibu wa kuliponya anga, na kwamba akichoma mabua yake amelitia dunia hasara. Deni si lake. Akilipwa, alipwe kama mtu aliyefanya kazi ya mwenzake, wala asihesabiwe kama mhalifu aliyesamehewa.

Basi watu wetu wafanye nini mradi ukija? Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kiko kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mtu yeyote ajaye na karatasi kijijini sharti aweze kuonyesha kwamba anajulikana huko. Mapatano yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, si nyumbani kwa mwenyekiti, na nakala ibaki kijijini. Muda wa kulipwa na muda wa kufungwa uwe mmoja: fedha ikikoma mwaka wa kumi, kifungo nacho kikome mwaka wa kumi. Mwaka wa njaa utajwe kwa jina, na isemwe nani atautangaza. Twapendekeza utangazwe na kijiji chenyewe, kwa kuwa kampuni haiwezi kuona ghala la mtu. Sehemu ya fedha iende kwa kijiji kizima, ili wale waliofukia majani tangu ujana wao wasiwe wageni katika karamu iliyoandaliwa kwa chakula chao.

Liko pia ombi letu kwa wataalamu. Tunasikia hesabu za tani kutoka Kisumu na Kitale, lakini Mfipa hajapewa hesabu ya tuta lake mwenyewe kwa lugha anayoielewa. Mashamba ya ntumba yangaliko, na kando yake yako yaliyolimwa kwa plau miaka 30 au 40, udongo ule ule, mvua ile ile. Mabwana shamba wa wilaya za Sumbawanga, Kalambo na Nkasi wangeweza kuchukua udongo huu na ule, wakaupeleka ukapimwe, na kurudi na majibu katika mkutano wa kijiji. Wazee waliobaki na ujuzi huo wanapungua kila mwaka, na vipimo hivyo vyaweza kufanywa msimu huu, mvua zikikaribia kwisha, wakati majani yanapokwatuliwa.